Mkazi wa kodi si lazima awe na grini kadi

Kila msimu wa kodi hapa Marekani naisikia kauli ileile: "Kaka, mimi si mkazi, sina grini kadi. Kodi ya jimbo nitafaili kama asiye mkazi." Juzi nimeisikia tena, kwa kijana anayeishi Jersey City, jimbo la New Jersey, mwaka wa nne sasa.

Maana ya mkazi na asiye mkazi katika kodi ya jimbo ni fupi. Mkazi hulitangazia jimbo lake mapato yake yote, popote alipoyachuma. Asiye mkazi hutangaza yale tu aliyoyachuma ndani ya jimbo hilo. Aliyehama katikati ya mwaka ni mkazi wa sehemu ya mwaka. Majimbo 9, Texas na Washington yakiwemo, hayatozi mishahara kodi ya mapato.

Tatizo liko kwenye neno. Mkazi limetokana na kukaa. Halina pasipoti ndani yake, wala viza. Hata neno la Kiingereza tunalolitafsiri hivyo, resident, asili yake ni Kilatini residere, na ndani yake mna sedere, yaani kuketi. Kilatini na Kiswahili havina undugu wowote, lakini vyote viwili vimeanzia kwenye kuketi vikaishia kwenye kuishi mahali. Nikimuuliza mtu "unakaa wapi?", hajawahi kunijibu kwa kunionyesha viza. Mambo ya pasipoti yana neno lake, raia, tulilolipata kwa Waarabu, nalo linahusu dola unayotawaliwa nayo.

Najua kosa linatoka wapi. Grini kadi yenyewe imeandikwa juu yake "mkazi wa kudumu" kwa Kiingereza, na serikali kuu ina fomu ya 1040-NR kwa wageni wasio wakazi. Lakini hata serikali kuu haiangalii kadi peke yake, huhesabu pia siku ulizokuwa nchini. Mwanafunzi wa viza ya F-1 kwa kawaida hahesabiwi siku zake kwa miaka 5 ya mwanzo, na hapo ndipo wengi hujifunza kujiita "asiye mkazi", kisha wakaibeba lakabu hiyo hadi kwenye ritani, yaani fomu ya kodi, ya jimbo, ambako kipimo ni kingine.

Jimbo huuliza kwanza: kwako ni wapi? Si kwenu, maana kwenu panaweza kuwa Tanga au Bukavu hadi unazeeka. Kwako ni pale unaporudi safari ikiisha, na kisheria mtu ana kwake mahali pamoja tu kwa wakati mmoja. Kisha majimbo mengi huhesabu siku. New York, kwa mfano, hata kama kwako ni kwingine, ukiwa na makao ya kudumu humo karibu mwaka mzima na ukawa humo siku 184 au zaidi, umekuwa mkazi wake.

Madereva wa malori wana habari njema kidogo: anayeendesha kikazi katika majimbo mawili au zaidi, sheria ya serikali kuu inaruhusu jimbo anakoishi tu ndilo liutoze mshahara huo.

Kijana wangu hana lori. Anafanya kazi Manhattan, jijini New York, na W-2 yake, ile fomu ya mshahara anayopewa na mwajiri, kwenye kisanduku cha 15 imeandikwa NY, kodi iliyokatwa iko kisanduku cha 17. Alitaka kujaza IT-203, ya wasio wakazi wa New York, kisha afunge kompyuta. Fomu hiyo ni sahihi, ila sababu aliyonipa si sahihi. New York yeye si mkazi kwa kuwa jioni anapanda treni anarudi New Jersey, wala grini kadi haihusiki. Na huko anakorudi ndiko anakokaa.

Kwa hiyo, mdogo wangu, maliza IT-203 kwanza, kwa sababu utaihitaji hesabu yake. Kisha fungua NJ-1040, ya wakazi wa New Jersey, uandike mshahara wote, na uombe nafuu ya kodi uliyokwisha kulipa New York ili fedha zilezile zisitozwe mara mbili.