Kwa nini mtaa mmoja wa London ulihitaji sheria ya Bunge ili ujengewe njia nyembamba?

Mgeni akifika Hampstead Garden Suburb, kaskazini mwa London, hudhani amekuta kijiji cha kale kilichomezwa na jiji. Barabara zimepinda, mapaa yana mteremko mkali, nyumba zimetengwa kwa uzio wa vichaka vilivyokatwa vizuri badala ya kuta, na hapa na pale kuna njia fupi isiyotokea upande wa pili. Lakini ile ilikuwa ardhi ya mashamba, mali ya Eton College, na udongo wa kwanza ulichimbwa tarehe 2 Mei 1907, zama za Mfalme Edward VII. Barabara zilizopinda zilichorwa kwanza mezani kwa penseli. Na kabla ya kujengwa ilibidi Bunge la Uingereza lipitishe sheria ya kuziruhusu, mwaka 1906.

Ruhusa ya nini, ikiwa njia nyembamba ni rahisi kujenga kuliko pana? Hapa ndipo wengi hupotea. Tunazoea kufikiri kwamba mjenzi mwenye tamaa ndiye hubana barabara, na serikali humlazimisha aipanue. Karne ya 19 ilikuwa hivyo kweli: vichochoro vya miji ya Uingereza vilikuwa na giza, uchafu na kipindupindu. Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 1875 ikazipa mamlaka za miji nguvu ya kutunga kanuni za ujenzi, na sehemu nyingi zikaamuru kila barabara mpya iwe na upana wa takribani mita 11 au 12. Nia ilikuwa njema: mwanga na hewa.

Tatizo lilikuwa gharama. Chukua mfanyabiashara aliyekodi lori kutoka shamba hadi sokoni. Apakie magunia kumi au mia, nauli ni ileile, kwa hiyo atalijaza mpaka juu ili kila gunia libebe sehemu ndogo ya nauli. Barabara pana ya lazima ilikuwa lori hilo. Mjenzi aliyekwisha kulipia mawe, mifereji na kingo za barabara alipanga nyumba nyingi kadiri alivyoweza kando yake, zikiwa nyembamba na zimegusana kuta, kwa mstari mmoja ulionyooka. Upana uliokusudiwa kuleta nafasi ukazaa safu ndefu za nyumba zilizobanana, na nafasi yenyewe ikabaki katikati ya barabara, mahali ambapo mtoto hawezi kucheza wala mama kupanda mboga.

Raymond Unwin, mbunifu aliyeuchora mtaa huu pamoja na mwenzake Barry Parker, alishika jambo moja: njia inayohudumia nyumba chache, isiyopitwa na magari ya kwenda kwingine, haihitaji upana wa barabara kuu. Sheria ya 1906 ikakubali. Njia isiyozidi futi 500, yaani kama mita 150, iliyokusudiwa wakazi wake tu, iliweza kusamehewa kanuni hizo, mradi nyumba zinazotazamana zitengane kwa futi 50, karibu mita 15. Hewa ileile ilibaki, ila sasa ilikuwa juu ya nyasi na bustani. Sheria hiyohiyo iliweka wastani wa nyumba nane tu kwa ekari. Kwa maoni yangu hakuna kifungu kidogo kilichobadilisha sura ya makazi ya Uingereza kuliko hiki.

Aliyeanzisha yote ni Henrietta Barnett, aliyeishi miaka mingi na mumewe, kasisi, katika umaskini wa Whitechapel, mashariki mwa London, ambako walianzisha Toynbee Hall, kituo cha kuhudumia maskini, mwaka 1884. Aliposikia reli ya chini ya ardhi inakuja Golders Green, aliongoza kampeni ya kununua ekari 80 zibaki wazi kando ya uwanja wa Hampstead Heath. Kisha akataka ekari nyingine 243 ziwe makazi ya watu wa vipato vyote.

Kwa hiyo si kweli kwamba mtaa ulibuniwa kwa ajili ya matajiri, ingawa bei za leo zinafanya dai hilo liaminike. Nyumba za mafundi zilijengwa na ushirika ambao wapangaji wenyewe walikuwa na hisa. Waterlow Court, jengo la mwaka 1909, lilijengwa kwa ajili ya wanawake waseja wenye ajira: vyumba vyao vinauzunguka ua wa nyasi, na pande zake zina baraza yenye matao. Hata hivyo, nyumba ndogo ziliwekwa zaidi kaskazini na kubwa kusini, karibu na Heath. Matajiri na mafundi walikuwa wa mtaa mmoja, lakini mara chache wa njia moja.

Udhaifu mwingine uko katikati ya mtaa, kwenye uwanja wake mkuu. Mbunifu Edwin Lutyens alijenga hapo makanisa mawili mazuri sana, lakini maduka yalisukumwa pembeni, barabara ya Finchley, na baa haikuruhusiwa kabisa. Ukipita uwanja huo siku ya kazi utakuta utulivu mwingi kuliko inavyostahili kitovu cha mtaa.

Mwaka 1918 Unwin alikuwa mjumbe wa kamati ya Tudor Walters, ya serikali kuhusu makazi, iliyopendekeza nyumba zisizozidi 12 kwa ekari mijini. Sheria ya nyumba ya 1919 ilipozipa halmashauri fedha za kujenga, zilijenga kwa kipimo hicho, na njia fupi isiyotokea ikaenea nchi nzima.