Uvuvi wa michezo kwa boti ya kukodi: unakodi nini hasa, na kazi yako ni ipi

Uvuvi wa michezo baharini ni kuvua kwa fimbo, rili na ndoana, samaki mmoja dhidi ya mvuvi mmoja, kwa ajili ya pambano lenyewe na si kwa ajili ya soko. Boti inapokuwa ya kukodi, chombo, nahodha, mabaharia, mafuta, vifaa na kwa kawaida chambo pia huwa ni vya mwenye boti. Wewe unalipia muda wa vyote hivyo kwenye maji ya mbali, kule kina kinapoporomoka na samaki wakubwa wanapopita: jodari, nguru, faulusi, sulisuli na jamaa zake wenye mdomo wa mkuki.

Unalipia muda, hulipii samaki. Boti ikirudi tupu, nahodha hadaiwi kitu.

Kwa kuwa muda ndiyo bidhaa, ujue unavyohesabiwa. Kwa kawaida saa huanza boti inapofungua kamba gatini na kuisha inapofunga tena, kwa hiyo mwendo wa kwenda na kurudi umo ndani yake. Tuseme maji ya kina yapo maili 20 za baharini kutoka gatini na boti inakwenda noti 20, yaani maili 20 za baharini kwa saa. Hapo saa moja imekwenda kwenye kwenda na nyingine kwenye kurudi. Kwenye safari ya nusu siku ya saa 4, umebakiwa na saa 2 za kuvua. Ndiyo maana nahodha mkweli akiambiwa nusu siku hupendekeza maji ya karibu na samaki wa karibu. Anayekuahidi samaki wa kina kirefu kwa saa 4, muulize umbali na kasi ya boti yake, kisha piga hesabu mwenyewe.

Boti hukodiwa kwa namna mbili. Unaweza kuchukua boti nzima pamoja na wenzako, au kulipia nafasi moja kwenye boti yenye watu wengine. Tofauti yake haiishii kwenye bei. Boti ya watu wengi mara nyingi huvua chini: kila mtu anateremsha mshipi wenye chubwi wima ubavuni mwa boti, na hata watu 20 wanaweza kuvua kwa pamoja. Kuburura chambo ni jambo jingine. Hapo boti hubeba mishipi 4 hadi 7 tu nyuma yake, kwa hiyo watu hupeana zamu. Zamu zipangwe kabla ya kutoka. Rili inapoanza kulia na watu watatu wanaikimbilia fimbo moja, samaki hupotea na urafiki hulegea.

Kuburura ndiyo njia kuu ya kutafuta samaki wanaotembea juu juu kwenye bahari kubwa. Boti inakwenda polepole, chambo kinafuata nyuma kwenye povu la injini kana kwamba ni kundi la samaki wadogo wanaokimbia. Kasi hufuata aina ya chambo: bandia huburuzwa kwa noti 6 hadi 9, samaki mfu aliyeshonwa kwenye ndoana kwa noti 4 hadi 6, na samaki hai kwa noti 1 hadi 3, maana zaidi ya hapo atakufa. Mishipi haiachwi kwa urefu mmoja. Miwili hukaa karibu, pengine mita 15 nyuma ya tezi. Miwili mingine hupitishwa kwenye mikono mirefu ya pembeni inayoitanua mbali na povu, na mmoja huachwa mbali kabisa katikati. Urefu ukipishana, nahodha anaweza kukata kona bila mishipi kusokotana, ilimradi kona iwe pana. Kona kali ndiyo humpa baharia nusu saa ya kufungua mafundo. Atakayeona boti inazunguka mahali pasipo na kitu asidhani nahodha amepotea. Anafuata membe wanaorukia maji, takataka zinazoelea, au mstari ambapo rangi ya maji inabadilika.

Tuje kwenye breki ya rili, kwa sababu samaki wengi hupotea hapo, na karibu wote hupotezwa na mikono ya abiria.

Breki ni visahani vinavyokandamizana ndani ya rili. Samaki akivuta kwa nguvu kuliko breki, ngoma ya rili inazunguka na mshipi unatoka. Akivuta kidogo, mshipi hautoki. Kazi yake ni kumchosha samaki huku ikiulinda mshipi usikatike. Baharia huipima kabla ya kuvua: anafunga mizani ya springi kwenye ncha ya mshipi, fimbo ikiwa imeinama kama inavyoinama samaki anapovuta, kisha anarekebisha hadi mshipi uanze kutoka kwenye uzito anaoutaka. Uzito huo kwa kawaida ni kati ya robo na theluthi ya nguvu ya kukatika kwa mshipi. Mshipi wa kilo 24 huwekewa breki ya kilo 6 hadi 8.

Kwa nini iachwe akiba kubwa hivyo? Kwa sababu breki haibaki pale ilipowekwa. Ngoma ikiwa imejaa, mshipi unavuta kutoka ukingoni, mbali na ekseli. Samaki akikimbia mita 300, ngoma imepungua unene, na mshipi sasa unavuta karibu na ekseli, kwa hiyo inahitajika nguvu kubwa zaidi kuizungusha. Kipimo kutoka ekseli hadi ulipo mshipi kikishuka kutoka sentimita 6 hadi 3, breki ya kilo 8 imekuwa ya kilo 16, na hakuna aliyeigusa. Ongeza msuguano wa mshipi kwenye pete za fimbo. Ongeza na ukinzani wa maji kwenye mshipi mrefu uliojipinda, ambao kwa samaki anayekimbia kwa kasi si mdogo. Mshipi wa kilo 24 umeshafika karibu na mwisho wake.

Na huo ndio wakati ambapo mtu aliyeshika fimbo, akiona mshipi unakwisha, huibana breki. Mlio mmoja mkavu, fimbo inanyooka, kazi imekwisha. Kinachotakiwa ni kinyume chake: mshipi ukiisha sana, breki inalegezwa kidogo na nahodha anamfuata samaki kwa boti ili urudishwe. Asiyejua kupima asiiguse kabisa. Amwachie baharia aamue, au afuate anachoambiwa.

Samaki akishika, utasikia kengele ya rili ikilia mfululizo. Nahodha hasimamishi boti papo hapo, huendelea sekunde kadhaa ili ndoana izame na pengine samaki wa pili adake. Baharia anakusanya mishipi mingine. Wewe unachukua fimbo, unaiweka kwenye mkanda wa kiunoni au kwenye kiti cha kupambania, na unasubiri. Ndoana ya duara haitaki kutikiswa. Ukiivuta kwa ghafla unaitoa mdomoni mwa samaki kabla haijageuka na kushika pembeni ya taya.

Mshipi unapotoka, usizungushe mkono wa rili. Kwenye rili inayokaa juu ya fimbo hakuna unachopata isipokuwa jasho. Kwenye rili ya kuning'inia chini ya fimbo ni hasara kabisa, kwa kuwa kila mzunguko unausokota mshipi. Samaki akitulia, inua fimbo taratibu, kisha iteremshe huku ukizungusha rili kukusanya ulichopata. Usiinue kupita kiasi hadi fimbo ielekee nyuma ya bega, kwa maana hapo mzigo wote unahamia kwenye ncha nyembamba na fimbo huvunjika. Kwenye rili isiyo na kipanga mshipi, tumia kidole gumba kuutandaza ngoma nzima. Ukirundikana upande mmoja utagusa fremu, na rili itagoma.

Chama cha kimataifa cha uvuvi wa michezo, IGFA, kilichoanzishwa 1939, kina kanuni ambayo boti nyingi huifuata hata pasipo mashindano: kuanzia samaki anaposhika, mtu mwingine asiguse fimbo, rili wala mshipi wako. Baharia anaruhusiwa kushika kile kipande kizito cha mwisho tu, kile kilichofungwa kwenye ndoana. Alfred Glassell alitimiza kanuni hizo mwaka 1953 huko Cabo Blanco, Peru, kwa marlini mweusi, jamaa wa sulisuli, wa zaidi ya kilo 707, rekodi iliyodumu zaidi ya miaka 70. Kama hutafuti rekodi na mikono imekufa ganzi, mpe mwenzako fimbo bila haya.

Hatari zaidi ni dakika za mwisho. Samaki akifika ubavuni, baharia mwenye glavu anashika kile kipande kizito na kumvuta. Usisimame nyuma yake, usishike mshipi kwa mkono mtupu, na usiuzungushe mkononi hata mara moja. Samaki wa kilo 100 akipiga mbizi, huo mzunguko unakwenda naye. Endelea kushika fimbo na uilegeze breki kidogo, ili akikimbia tena apate mshipi.

Wa kuliwa huinuliwa kwa kulabu. Wenye mdomo wa mkuki mara nyingi huachiliwa, na sehemu nyingine sheria inataka hivyo. Wa kuachiliwa asitolewe majini kwa ajili ya picha. Boti inakwenda mbele polepole, samaki kashikwa mdomo wake ubavuni, maji yanapita kwenye matamvua mpaka apate nguvu za kuondoka mwenyewe. Samaki wa chini wana tatizo tofauti. Aliyetoka mita 30 ametoka kwenye mgandamizo mara nne ya ule wa juu, kwa hiyo hewa iliyo kwenye kibofu chake imetanuka kwa kiasi hicho, tumbo limevimba na macho yamemtoka. Ukimtupa hivyo ataelea hadi afe. Arudishwe chini kwa uzito unaomwachia akifika kinani, au asivuliwe kama hutamchukua.

Jodari, nguru na faulusi watolewe damu na kuzamishwa mara moja kwenye barafu iliyochanganywa na maji ya bahari. Wakikaa juani, bakteria hutengeneza histamini kwenye nyama, na histamini haiondoki kwa kupikwa. Mlaji hupata uso mwekundu, kichwa kuuma na moyo kwenda mbio, akadhani samaki hapatani naye. Muulize nahodha mapema samaki ni wa nani, kwa kuwa boti nyingine huwachukua wote, nyingine hugawana nawe, nyingine hukupa kila kitu.

Kichefuchefu kinazuiwa kabla, hakitibiwi baadaye. Dawa inamezwa kama kibandiko chake kinavyoelekeza, kwa kawaida angalau nusu saa hadi saa moja kabla ya kutoka, kwani kidonge kilichomezwa baada ya kutapika hakikai tumboni. Kaa karibu na katikati au tezi, mbali na moshi wa injini, tazama upeo wa macho, na usiingie chumbani kusoma simu.

Kabla kamba hazijafunguliwa, omba kuonyeshwa jaketi za kuokolea, pamoja na za watoto kwa saizi yao, na redio ya VHF, ambayo chaneli yake ya 16 ndiyo ya wito wa dharura. Uliza pia mkikatisha safari kwa hali ya hewa fedha zinarudishwaje. Uamuzi wa kugeuza boti ni wa nahodha peke yake, kwa hiyo makubaliano ya fedha yafanyike gatini, kabla upepo haujabadilika.