Je, wajua kwa nini seva ya saraka hukataa nenosiri lililo sahihi?

Umeandika nenosiri polepole, herufi kwa herufi. Umerudia. Seva inajibu vilevile: `ldap_bind: Invalid credentials (49)`. Unafungua faili la mipangilio, `/etc/ldap/slapd.conf`, unabadilisha mstari wa `rootpw` (nenosiri la msimamizi), unaiwasha seva upya, unajaribu tena, na namba ya kosa, 49, iko palepale. Hapo ndipo mafundi wengi huamua kufuta kila kitu na kusakinisha upya. Jambo hilo huniuma, kwa sababu mara nyingi data iliyofutwa haikuwa na kosa lolote.

Seva ya saraka ni daftari la pamoja. Badala ya kila kompyuta ya chuo au ofisi kuwa na orodha yake ya watumiaji, zote huuliza mahali pamoja: huyu ni nani, na nenosiri alilotoa ni lake kweli? Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa mara nyingi na OpenLDAP, mradi ulioanza mwaka 1998 kwa kurithi programu iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Programu inayosikiliza maswali hayo inaitwa slapd.

Tuanze na lile faili ulilohariri bure. Tangu toleo la 2.3, lililotoka mwaka 2005, OpenLDAP inaweza kuweka mipangilio yake ndani ya saraka yenyewe, kwenye tawi liitwalo `cn=config`, ambalo diski hulihifadhi katika folda ya `slapd.d`. Folda hiyo ikiwepo na ikiwa nzima, slapd huisoma hiyo na kuliacha `slapd.conf`. Haitoi onyo. Unaweza kuandika humo chochote unachotaka, seva haitajua. Miongozo ya zamani inayozunguka mtandaoni bado inakuelekeza kwenye faili hilo, na watu wanapoteza siku nzima. (Lile jingine, `ldap.conf`, ni la upande wa anayeuliza, wala halihusiani na mipangilio ya seva.)

Wengine huigundua folda na kuanza kuhariri faili zake kwa mkono. Kila faili humo lina onyo juu kabisa kwamba lisiguswe, pamoja na namba ya ukaguzi ya CRC32. Ukibadilisha herufi moja tu, namba hailingani tena na maandishi, na malalamiko huanza. Njia iliyonyooka ni kuiomba seva yenyewe ibadilike ikiwa hai, kwa amri ya `ldapmodify`.

Sasa hiyo 49. Kwa nini seva haisemi wazi tatizo liko wapi? Imefanywa hivyo makusudi. Kama ingejibu “mtumiaji huyu hayupo”, mwizi angejaribu majina elfu moja na kubaki na orodha safi ya watumiaji halisi. Kwa hiyo jina lisilokuwepo na nenosiri lisilo sahihi hupewa jibu lile lile. Ni ulinzi mzuri, lakini fundi anaupata uchungu wake: anahangaika na nenosiri wakati kosa liko kwenye jina.

Na jina ndilo linaloponza wengi. Mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya familia ya Red Hat, moja ya aina za Linux, utakuambia uingie kama `cn=Manager` (`cn` ni jina la mhusika), ilhali kwenye Debian na Ubuntu, ambazo ni aina nyingine, msimamizi ni `cn=admin`. Zaidi ya hapo, ukisakinisha slapd kwenye Debian ambayo haijapewa jina la kikoa, mzizi wa saraka yako unakuwa `dc=nodomain` (`dc` ni kipande cha jina la kikoa), hata kama wewe kichwani una `dc=example,dc=com`. Usikisie. Iulize seva, ukiwa root (msimamizi mkuu wa mashine) kwenye mashine yenyewe:

`ldapsearch -Q -LLL -Y EXTERNAL -H ldapi:/// -b cn=config olcSuffix olcRootDN`

Amri hii haihitaji nenosiri lolote. Inapita kwenye soketi ya ndani ya mashine, na kwa mipangilio ya kawaida ya Debian, seva inamtambua root na kumruhusu asome `cn=config`. Jina litakalotokea mbele ya `olcRootDN`, kwenye fungu lile lile lenye `olcSuffix` (mzizi wa saraka yako), ndilo unalopaswa kulitumia, koma kwa koma.

Jina likiwa sahihi na 49 ikang'ang'ania, tazama nenosiri linafikaje. Ukitumia chaguo la `-y` kusoma nenosiri kutoka kwenye faili, faili zima huchukuliwa kuwa nenosiri, pamoja na alama ya mwisho wa mstari ambayo `echo` huiongeza kimyakimya. Macho hayaioni, seva inaiona. Tumia `printf '%s'` kuliandika faili hilo. Na ukiliweka nenosiri lenye alama ya `$` ndani ya nukuu mbili kwenye terminali, ganda la Linux (programu inayosoma amri zako) hudhani ni jina la kigeu, yaani jina linalobeba thamani nyingine, na kulikata kabla halijatoka. Ukisahau kabisa kutoa nenosiri, jibu ni tofauti: namba 53, seva inakataa kushughulikia ombi.

Kuna hali moja inayonifurahisha kila ninapoifafanua, kwa sababu dalili yenyewe inakuonyesha mlango. Msimamizi anaingia vizuri, lakini watumiaji wa kawaida wote wanapata 49. Msimamizi aliyetajwa kwenye `olcRootDN` hapimwi kwa kanuni za ruhusa, hazimhusu. Wengine zinawahusu. Ili mtu athibitishwe, yule ambaye bado hajajulikana lazima aruhusiwe angalau kulinganishiwa nenosiri, yaani kanuni ya `userPassword` (sehemu inayohifadhi nenosiri la mtu) iwe na maneno `by anonymous auth`. Tena kanuni husomwa kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza inayolingana ndiyo inayotawala. Ukiweka juu kanuni pana inayosema kila kitu kisomwe na waliokwisha kuingia tu, ile ya nenosiri iliyo chini yake haitafikiwa kamwe, na hakuna mtumiaji wa kawaida atakayeweza kuingia.

Usipate shida ya kukisia haya yote gizani. Kwenye Debian kumbukumbu za slapd huja zikiwa zimezimwa. Weka `olcLogLevel: stats` kwa `ldapmodify`, kisha fungua `journalctl -u slapd -f` na ujaribu kuingia tena. Utaona mstari wa `BIND` (ombi la kuingia) wenye jina kamili kama lilivyoifikia seva, na chini yake `RESULT` yenye `err=49`. Mara nyingi, kabla hata hujafika kwenye huo wa pili, jicho lako litakuwa limeshakwama kwenye herufi iliyokosekana katika jina.