Njaa si kipimo cha sukari

Kila msimu wa korosho, kliniki yetu ya kisukari hapa Mtwara husikia kauli ileile: "Daktari, nasikia njaa sana, sukari itakuwa imeshuka." Juzi mama mmoja aliletwa na bintiye kutoka Mikindani. Alishakula ugali wa muhogo asubuhi, mwili ukalegea, njaa ikamrudia, akaongezewa bakuli la uji wenye sukari ya kutosha. Tulipomtoboa kidole, mashine ilisoma 19 (mmol/L), sukari ya juu mno.

Chini kabisa ya ubongo ipo sehemu iitwayo haipothalamasi, ndogo tu, haizidi korosho moja. Hiyo husoma homoni mbili: insulini inayotoka kwenye kongosho na leptini inayotoka kwenye mafuta ya mwili. Zikiwa za kutosha, hujua ghala limejaa na hupunguza hamu ya kula. Kwa mgonjwa aliyepungukiwa insulini, sukari imejaa kwenye damu lakini misuli haiipati, na ubongo haupati habari ya shibe. Unaona ghala tupu. Basi huagiza chakula, na wakati huohuo hulifungulia ini limwage sukari zaidi. Ndiyo maana njaa kali na sukari ya juu huandamana. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado watu wanakorogeana uji.

Sukari ikishuka kweli, chini ya 3.9, dalili zake si njaa peke yake: kuna jasho la ghafla, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Ubongo hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili, kwa hiyo hauvumilii. Huwapata zaidi wanaochoma insulini au kumeza glibenklamaidi (vidonge vya kushusha sukari), kisha wakaingia shambani kuokota korosho bila kula. Pima kwanza. Kama huna mashine na dalili ni hizo, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kunywa, subiri dakika 15. Zisipopungua, rudia, halafu ule chakula. Aliyezimia asimiminiwe chochote mdomoni, awahishwe kituo cha afya.

Sasa kipimo cha asubuhi. Usile kwa saa 8 mfululizo. Maji matupu yanaruhusiwa. Chai ya rangi, hata bila sukari, hairuhusiwi. Bibo (tunda la mkorosho) moja uliloliokota njiani haliruhusiwi. Bibo ni chakula. Dawa ya asubuhi usiitumie nyumbani: njoo nayo, pamoja na daftari la kliniki na chakula chako, utumie ukishapimwa. Fika mapema, maana anayekaa na njaa hadi mchana anajiumiza.

Ukiwa umekula, sema. Hakuna atakayekugombeza, utaandikiwa kuwa umepimwa baada ya kula, na utapangiwa siku nyingine. Anayeficha tunamwona na sukari ya juu, tunamwongezea dozi asiyoihitaji, na huyo ndiye anayerudishwa kwetu usiku amebebwa, mashine ikisoma 2.