Kindi wa Namdapha: tunamjua kwa sampuli moja

Kila nikimtaja kindi wa Namdapha, mmoja wa kindi warukao, swali la kwanza huwa lile lile: bado yupo kweli? Sampuli iliyohifadhiwa ni moja tu, ilipatikana mwaka 1981 katika msitu wa Namdapha, jimbo la Arunachal Pradesh, kaskazini-mashariki mwa India. Ni mnyama mkubwa, manyoya mekundu yenye mvi, mkia mrefu kuliko mwili. Aliitwa Biswamoyopterus biswasi kumuenzi mtaalamu wa wanyama Biswamoy Biswas. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, inamhesabu kati ya walio hatarini kabisa kutoweka.

Mimi naamini yupo, na sababu yangu ni ndugu zake. Kwa miaka zaidi ya 30 jenasi hii, yaani kundi la spishi ndugu, ilidhaniwa kuwa na spishi moja. Mwaka 2012 akaonekana mwenzake huko Laos, sokoni, kwenye nyama ya porini inayouzwa. 2013 akatangazwa spishi ya pili. Wa tatu, wa milima ya Gaoligong, Yunnan, China, alitangazwa 2019 baada ya watafiti kukuta sampuli yake kwenye hifadhi ya taasisi ya zoolojia ya Kunming. Soko na kabati vimetufaa kuliko kumsaka msituni usiku kwa tochi.

Tochi zina shida yake. Namdapha humo humo anaishi kindi mwingine mkubwa mwekundu, Petaurista petaurista, ambaye ni wa kawaida zaidi. Usiku, juu kabisa mtini, unaona macho yanang'aa na kitu chekundu, mara kimeshajirusha. Uhakika uko kwenye fuvu na meno. Ndiyo maana taarifa ya "nimemwona" isiyo na picha safi wala vinasaba mimi siihesabu, hata ikitoka kwa rafiki.

Huyu hapigi mabawa. Hupanda juu, hujirusha, hutandaza ngozi iliyo kati ya mikono na miguu, kisha huteleza hewani huku akishuka. Ngozi hiyo hushikiliwa na kijiti cha gegedu kinachotokea kwenye kifundo cha mkono. (Misitu ya Congo na Uganda ina mnyama anayeteleza vivyo hivyo, mwenye magamba chini ya mkia, lakini si kindi hasa: gegedu lake huanzia kwenye kiwiko.) Kila mruko unamgharimu kimo. Miti mirefu ikikatwa, nafasi inakuwa pana asiweze kuivuka, na akishuka ardhini anakuwa windo rahisi.

Namdapha ni hifadhi ya taifa tangu 1983, karibu kilomita za mraba 2,000, ila kuchorwa kwa mpaka kwenye ramani hakujakomesha uwindaji. Ningepewa fedha leo, ningeanza kwa kuwaajiri Walisu, jamii ya wenyeji wanaoishi huko, maana msitu wanaujua kuliko mgeni yeyote, na kamera za mtego ningetaka zifungwe juu kwenye matawi, si chini kwenye mashina kama tulivyozoea tukimtafuta chui.