Filamu iliyorudiwa si lazima iwe duni

Kwenye baraza za Unguja, zikitajwa filamu za Kihindi, husemwa kuwa iliyorudiwa haifikii ya asili. Si kweli. Mother India ya 1957, ambayo wazee wa Mji Mkongwe bado wanaienzi, yenyewe ni marudio: Mehboob Khan aliirudia filamu yake Aurat ya 1940, safari hii kwa rangi, ikafika hadi kuwania Oscar. Devdas ya 1955 aliiongoza Bimal Roy, aliyekuwa mpigapicha wa ile ya miaka ya 1930. Mara nyingi tunaita asili ile tuliyoiona mwanzo, na hapo tunawadhulumu mafundi hawa. Na miendelezo, yaani filamu zinazoendeleza hadithi ya iliyotangulia, mingi hudorora, nakubali. Lakini filamu ya Kimarekani The Godfather Part II ya 1974 ilishinda Oscar ya filamu bora, kama iliyoitangulia.