Elimu kwa umma: hedifoni za kufuta kelele, zinavyofanya kazi na mambo ya kuzingatia kabla ya kununua

Katika miezi ya karibuni dawati letu la malalamiko limepokea hedifoni nyingi zinazodaiwa kushindwa kufuta kelele. Wenye vifaa hivyo huja wakiwa na uhakika kwamba wameuziwa bidhaa bandia, na wapo ambao kweli wameuziwa. Lakini vingi kati ya vifaa tunavyovipima maabara hufanya kazi yake kama vilivyoundwa, isipokuwa kwamba mnunuzi alitarajia kazi nyingine kabisa. Kwa kuwa muuzaji halazimiki kurejesha fedha kwa sababu tu mteja alitarajia makubwa, tumeona ni vyema maelezo haya yamfikie mnunuzi kabla hajalipa. Ieleweke pia kwamba hatupendekezi wala hatukatai bidhaa ya kampuni yoyote.

Mkanganyiko huanzia kwenye boksi. Maneno "kuzuia kelele" hutumika kwa mambo matatu tofauti. La kwanza ni kuziba: mto wa sponji unaolizunguka sikio, au ncha ya silikoni inayoingia tunduni, huikinga sauti isipite kama linavyofanya dirisha lililofungwa, na kazi hiyo haihitaji betri. La pili ni kufuta: kifaa hutoa sauti yake chenyewe ili kuibatilisha kelele inayokuja, na hili ndilo linaloashiriwa na herufi ANC. La tatu, linaloashiriwa na herufi ENC, halihusu masikio ya mvaaji hata kidogo. Ni usafishaji wa sauti inayotoka kwake anapopiga simu, ili mtu wa upande wa pili asisikie upepo na magari. Anayenunua kifaa chenye ENC peke yake atakuwa amelipia utulivu wa yule anayezungumza naye, si wa kwake. Herufi hizi mbili hutofautiana kwa herufi moja tu, na wapo wauzaji wanaonufaika na tofauti hiyo ndogo, kwa hiyo zisomwe kwa makini.

Sauti ni mabadiliko ya shinikizo la hewa: linapanda kidogo juu ya kawaida, kisha linashuka chini yake, mara nyingi kwa kila sekunde, na idadi ya mizunguko hiyo kwa sekunde, yaani masafa ya sauti, hupimwa kwa hezi. Maikrofoni ndogo iliyo kwenye kikombe cha hedifoni huinasa kelele inapowasili, chipu hukokotoa umbo lake, kisha spika hutoa wimbi la umbo hilohilo lililopinduliwa, yaani pale shinikizo la kelele linapopanda, lile la spika hushuka kwa kiasi kilekile. Mawimbi hayo mawili yakikutana mbele ya kiwambo cha sikio hujumlishwa, na tano ikijumlishwa na hasi tano jibu ni sifuri.

Ugumu uko kwenye muda. Tuchukue kifaa ambacho wimbi lake la kinyume linachelewa kwa sehemu moja tu ya elfu kumi ya sekunde. Mngurumo wa hezi 100 hukamilisha mzunguko mmoja kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, kwa hiyo ucheleweshaji huo ni asilimia 1 ya mzunguko, na shinikizo linalobaki ni takriban asilimia 6 ya lile la awali, punguzo la desibeli 24 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti). Kwa sauti ya hezi 1,000 ucheleweshaji uleule ni asilimia 10 ya mzunguko, na punguzo linakuwa desibeli 4 peke yake. Kwa sauti ya hezi 5,000 ni nusu nzima ya mzunguko: wimbi lililokusudiwa kuikabili kelele linafika likiwa linaenda nayo sambamba, likaiongeza maradufu badala ya kuifuta. Ndiyo maana wabunifu huuruhusu mfumo wa kufuta ufanye kazi hasa chini ya hezi 1,000 hivi, na sauti za juu ya hapo huachiwa sponji na silikoni.

Asili ya teknolojia hii inalieleza jambo hilo vizuri. Mjerumani Paul Lueg alipata hataza ya Marekani mwaka 1936 kwa wazo la kuizima sauti kwa sauti, lakini vifaa vya umeme vya wakati huo havikuweza kulitekeleza ipasavyo. Mwaka 1978 Amar Bose, mhandisi mwanzilishi wa kampuni ya Bose, akiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Boston, alikerwa na mngurumo wa injini uliokuwa ukifunika muziki kwenye hedifoni alizopewa, akaanza kukokotoa suluhisho akiwa angani. Hedifoni za marubani zilizotokana na kazi hiyo ziliingia sokoni mwaka 1989. Adui aliyelengwa tangu mwanzo alikuwa injini, yaani mngurumo mzito usiobadilikabadilika, na hadi leo hapo ndipo kifaa hiki kinapofanya kazi yake bora: ndani ya ndege, basi na treni, au karibu na jenereta na feni.

Mlalamikaji mmoja alitueleza kwamba hedifoni zake zimekufa kwa sababu bado anawasikia wenzake wakizungumza ofisini. Tulimketisha katika chumba cha kupimia, tukawasha feni kubwa mbele yake, tukamwomba abonyeze kitufe. Alituuliza kwa nini tumeizima feni, ilhali mapangaboi yake yalikuwa yakizunguka mbele ya macho yake. Kisha mwenzangu aligonga glasi kwa kijiko nyuma ya kiti, naye akageuka mara moja. Kifaa kilikuwa kizima. Mlio wa kijiko, kilio cha mtoto, honi na konsonanti za maneno ya watu vina sehemu kubwa ya ukali wake katika masafa ya juu, na ni sauti zinazobadilika ghafla. Hakuna kitufe kitakachozifuta zote. Tulimwomba pia avue miwani, akakiri kwamba hata feni ilizidi kufifia. Mkono wa miwani huuinua mto wa hedifoni kwa milimita chache juu ya sikio, na kupitia upenyo huo kelele huingia bila kizuizi, huku sauti za chini ambazo spika ilipaswa kuzijenga zikivuja. Nywele nene, kofia na hereni husababisha hasara ileile. Kwa zile zinazoingia tunduni, ncha ya silikoni isiyolingana na sikio huharibu kila kitu, na bado watu hutumia ncha iliyokuja imefungwa kwenye kifaa huku nyingine za vipimo tofauti zikibaki ndani ya boksi hazijaguswa.

Mahali zilipo maikrofoni pana umuhimu wake. Maikrofoni ya nje huiwahi kelele kabla haijafika sikioni, lakini haijui kilichobaki ndani; ya ndani husikia kile ambacho sikio linasikia na kukirekebisha, lakini huchelewa, na kikombe kisipokaa vizuri inaweza kuanza kupiga mluzi. Vifaa vyenye maikrofoni za aina zote mbili kwa kawaida hufuta masafa mapana zaidi. Upepo hubaki tatizo kwa sababu huipiga maikrofoni ya nje moja kwa moja, nayo huuchukulia kuwa kelele. Baadhi ya vifaa vina mpangilio maalumu wa upepo, na anayetembea sana nje auulizie.

Lipo dai linalorudi kila mara, kwamba kwa kuwa kifaa huongeza sauti ya pili, sikio hupata madhara mara mbili. Tumelijibu mara nyingi na tunalijibu tena: kiwambo cha sikio hakipokei sauti mbili kwa zamu, hupokea jumla yake, na kifaa kinapofanya kazi sawasawa jumla hiyo ni ndogo kuliko kelele ya awali. Wapo wanaohisi kama masikio yamebanwa, mfano wa ndege inapopaa. Hisia hiyo ni ya kweli kwao na hatuidharau, ingawa shinikizo la hewa ndani ya sikio halibadiliki. Inatosha kupunguza kiwango cha kufuta, na isipokoma, kifaa hicho hakimfai mtu huyo.

Faida ya kiafya ipo, nayo iko kwenye sauti ya muziki wenyewe. Msikilizaji aliye ndani ya basi lenye kelele huongeza sauti ili aishinde injini, na mngurumo ukiondolewa anaweza kusikia vizuri kwa kiwango cha chini. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu hutumia kipimo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda hukatwa nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5, na 92 ni saa mbili na nusu kwa wiki nzima. Anayewasha mfumo wa kufuta na kuiacha sauti palepale ilipokuwa hajajikinga na chochote, na seli za vinyweleo zinazohisi sauti katika sikio la ndani zikifa hazioti tena.

Tunaomba tueleweke bila utata kuhusu mahali pa kazi. Hedifoni za kawaida za kufuta kelele si kinga ya masikio. Tumeletewa jozi zilizojaa vumbi la chuma, zilizokuwa zikivaliwa mbele ya mashine ya kukatia vyuma, na mwenye nazo akashangaa kuambiwa kwamba amekuwa akihatarisha masikio yake kwa muda wote huo. Mlio wa nyundo hufika na kuondoka kabla mfumo haujaukabili, msumeno una ukali mwingi katika masafa ya juu, na kelele ikizidi uwezo wa maikrofoni au spika, mfumo huelemewa. Sheria nazo hutenganisha vitu hivi viwili. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, agizo 2003/10/EC linamtaka mwajiri awapatie wafanyakazi kinga pale kelele ya siku ya kazi ya saa 8 inapozidi desibeli 80, na zinapofikia 85 kinga ni lazima zivaliwe. Kikomo kisichoruhusiwa kuvukwa ni 87, kikihesabiwa pamoja na kinga iliyovaliwa. Kwa milio ya ghafla viwango vitatu vinavyolingana na hivyo ni desibeli 135, 137 na 140. Kanuni 2016/425 ya Umoja huohuo huziweka kinga dhidi ya kelele hatarishi katika kundi la tatu, lile la hatari kubwa kabisa, hivyo kila aina ya kinga huchunguzwa na chombo huru kabla ya kuuzwa, uzalishaji wake huendelea kufuatiliwa, na alama ya CE, ile inayotangaza kwamba bidhaa inakidhi masharti ya Umoja huo, hufuatwa na namba ya tarakimu nne ya chombo hicho. CE isiyo na namba, kwenye hedifoni za muziki, haisemi lolote kuhusu kinga. Kinga halisi pia huandikwa kiwango chake cha kupunguza kelele, kwa herufi SNR kwa mfumo wa Ulaya au NRR kwa mfumo wa Marekani. Zipo zenye muziki na kinga kwa pamoja, na hizo nazo hubeba alama hizi.

Barabarani, kila mtu asome sheria ya nchi alipo. Ufaransa ilipiga marufuku tangu tarehe 1 Julai 2015 kuendesha chombo huku kifaa chochote cha sauti kikiwa sikioni, hata sikio moja, hata kwa baiskeli, isipokuwa vifaa vya wenye ulemavu wa kusikia. Faini yake ni euro 135, hushuka hadi 90 ikilipwa mapema na kupanda hadi 375 ikicheleweshwa, na dereva hukatwa pointi tatu za leseni. Hata pasipo na sheria ya namna hiyo, anayevuka barabara azime mfumo, au atumie mpangilio unaopitisha sauti za nje.

Dukani, omba kukijaribu kifaa bila muziki, mahali penye feni au kiyoyozi. Kivae dakika kadhaa, ukiwa na miwani yako kama unaitumia, uwashe na kuzima mfumo, na usikilize kama mngurumo unaondoka. Chumba kikiwa kimya jaribio hilo halina maana. Usikilize pia mchirizi hafifu wa umeme ambao mfumo wenyewe unaweza kuutoa. Namba ya desibeli iliyoandikwa kwenye boksi kwa kawaida ni punguzo kubwa kabisa katika masafa fulani tu, kwa hiyo isilinganishwe kati ya kampuni na kampuni. Saa za betri zisomwe zile za mfumo ukiwa umewashwa. Mito inayoweza kubadilishwa ni jambo la thamani, kwa kuwa sponji huchoka na kuanza kuvuja muda mrefu kabla umeme haujaharibika.

Anayeamini kwamba ameuziwa kifaa kisicho na uwezo uliotangazwa alete kifaa chenyewe, boksi lake, waya wa kuchajia na risiti, bila kukifungua. Maabara hukivisha kichwa cha bandia chenye maikrofoni mahali pa kiwambo cha sikio, kisha kelele ileile hupigwa mara tatu: kichwa kikiwa wazi, hedifoni zikiwa zimevaliwa na mfumo umezimwa, na mfumo ukiwa umewashwa. Hedifoni huvuliwa na kuvishwa upya mara kadhaa, kwa sababu kila uvaaji hutofautiana kidogo, na wastani ndio unaoandikwa. Tofauti kati ya kipimo cha kwanza na cha pili ni kazi ya sponji, na tofauti kati ya cha pili na cha tatu ni kazi ya mfumo wa kufuta. Mistari ya vipimo hivyo viwili vya mwisho kwenye mchoro ikilaliana kutoka masafa ya chini hadi ya juu, boksi lilisema uongo, na mlalamikaji hupewa mchoro uliopigwa mhuri ili aupeleke kwa muuzaji.